Kilo za majaribio: kutoka JavaRosa hadi Gradle

Leo ni historia tu. Mwaka 2014 nilikuwa na programu mbili za simu: moja ya kupimia maziwa upande wa Meru, nyingine ya kupimia kahawa upande wa Embu. Zote zilitegemea maktaba moja niliyoiandika mwenyewe, ile inayopeleka kilo kwenye seva. Asubuhi moja karani wa kiwanda cha kahawa akanipigia: "Fundi, kuna mzee hapa, kompyuta inasema ameleta kilo 9,999. Mwenyewe anacheka. Wenzake hawacheki."

Wangecheka vipi? Malipo ya kahawa hugawanywa kwa kilo; cha mmoja kikizidi, cha wengine kinapungua. Na kilo hizo nilizibonyeza mimi nyumbani, kwenye toleo la mafunzo. Namba ya mkulima niliibuni tu, kumbe ina mwenyewe.

Ili muelewe ilivyotokea, tuanzie kwenye simu za vitufe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na JavaRosa, maktaba huria ya kujaza fomu kwenye simu. Kwetu Afrika Mashariki ilifanya kazi sana: CommCare iliyojaribiwa Dar es Salaam ilisimama juu yake, na ODK Collect ya Android, ambayo AMPATH ya Eldoret iliitumia katika upimaji wa VVU nyumba kwa nyumba, nayo iliichukua. Lakini Nokia hii si sawa na Nokia ile. Ndiyo maana watu walitumia J2ME Polish: unaweka alama ndani ya maandishi ya programu, na wakati wa kujenga, mistari isiyoihusu simu fulani inaondolewa. Inachosha kweli, ila uamuzi unauona kwa macho.

Android ikaja na njia yake. Mwaka 2010 Eclipse ilipata miradi ya maktaba, na mwanzoni maandishi ya maktaba yalijengwa pamoja na programu yako. Mwaka 2011 maktaba ikaanza kujengwa peke yake kwanza. Badiliko dogo, wengi hatukulijali. Mwaka 2013 Google wakatangaza Android Studio na Gradle, na sasa ungeweza kubuni aina zako za ujenzi. Mimi nikabuni "mafunzo", ya kuwafundishia makarani.

Hapo ndipo niliponaswa. Ndani ya maktaba niliandika: kama BuildConfig.DEBUG ni kweli, tuma seva ya majaribio; kama sivyo, tuma seva halisi. Programu yangu ilijengwa kama mafunzo, lakini Gradle ya wakati ule iliijenga maktaba kama release, hata ungesema nini kwenye programu. Kwa hiyo ndani ya maktaba DEBUG ilikuwa uongo siku zote. Hakuna onyo, hakuna kosa. Skrini inasema MAFUNZO kwa herufi kubwa nyekundu, kilo zinaenda kwenye hesabu za watu.

Dawa ilikuwepo, chungu: unaiamuru maktaba itoe aina zake zote, kisha kwenye kila programu unaandika mstari kwa kila aina. Programu mbili, aina tatu, mistari sita. (Niliwahi kusahau mmoja. Msiniulize.)

Oktoba 2017 toleo la 3.0 likabadili mambo. Debug ya programu ikaanza kuchukua debug ya maktaba yenyewe. Na maktaba isipokuwa na aina iitwayo mafunzo, ujenzi unakataa mpaka uandike kwenye matchingFallbacks ni aina gani ichukuliwe badala yake. Kukataa huko ndiko nilikokuhitaji mwaka 2014!

Mwaka ule nilitoa anwani ya seva ndani ya maktaba, programu ikawa inaikabidhi yenyewe. Kisha nikapanda matatu kutoka Meru, nikapita Chuka hadi Embu, nikabadilisha simu za makarani moja baada ya nyingine. Mzee alikuwepo. Tulikaa na karani tukafungua daftari la karatasi, tukaandika kilo zake halisi: 43.