Kalangalala: Ngoma Zetu na Taabu Zetu

Mgeni akifika Geita huuliza kwanza habari za dhahabu, na akiisha kujibiwa hudhani amekwisha kuujua mji. Sisi tufundishao watoto wa Kalangalala twaona kwamba dhahabu ni sehemu moja tu ya habari zetu, tena si iliyo kubwa. Watu waliishi hapa, wakaoa, wakacheza ngoma na kuzika wafu wao, kabla Mzungu wa kwanza hajalipiga jiwe kwa nyundo yake. Basi tumeona vema kuandika kidogo juu ya maisha yao, furaha na taabu pamoja, kwa maana vitu hivi viwili havikukaa mbalimbali katika nchi yetu.

Kalangalala ni kata ya mji wa Geita, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Nchi hii hapo kale ilikuwa ya Wazinza, na Wasumbwa walikuwa jirani zao. Leo ukipita sokoni utasikia Kisukuma kuliko lugha nyingine, na kijana ukimwuliza kwao ni wapi, atakuambia Kwimba, au Maswa, au Shinyanga, ingawa yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa na baba yake pia. Jambo hili lina sababu zake, na sababu zenyewe zimeanzia katika misiba.

Karibu na mwaka 1891 sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikaua ng'ombe wasiohesabika. Wakati huo huo wakaja funza wa miguu, wale wadudu walioletwa na meli kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, wakavuka bara yote katika vidole vya wapagazi na askari. Mtu asiye na ng'ombe hana mahari, na mtu asiyeweza kukanyaga chini halimi. Mashamba yakaachwa, pori likarudi, na pamoja na pori wakarudi wanyama na mbung'o. Kisha ikaja vita ya 1914. Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wadachi mwezi wa Julai 1916, na vijana wengi wa kanda hii wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, wengine hawakurudi. Vita ilipokwisha mwaka 1918, mafua makali yakapita dunia nzima wala hayakutuacha.

Msiba ulioibadili nchi hii zaidi ni malale. Tangu mwaka 1922 ugonjwa huu ulionekana katika nchi za Mwanza na Maswa, na katika miaka ile ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu waliokaa mbalimbali porini, ikawakusanya katika makazi ya pamoja penye miti iliyokatwa. Huko Shinyanga bwana mmoja Mwingereza, jina lake Swynnerton, alichunguza tabia za mbung'o kwa miaka mingi, na watu wakiongozwa na watemi wao walitoka kwa maelfu na mashoka kufyeka vichaka. Hekima ya kazi ile ilikuwa nyepesi: mbung'o wa kule apenda kivuli, ukimwondolea kivuli ataondoka. Uzinza ukabaki na nafasi kubwa tupu, na ng'ambo ya ghuba Usukuma ukasongamana watu na ng'ombe. Mwaka 1947 ulipoanzishwa mpango wa kuistawisha Usukuma, Geita ilifunguliwa wazi kwa wahamiaji, nao wakaja na mashoka yao, plau zao, na mifugo iliyosalia. Hivi ndivyo nchi iliyokimbiwa na wengine ilivyokuwa kwetu.

Juu ya dhahabu tutasema kwa kifupi. Wadachi waliiona mwaka 1898, lakini uchimbaji mkubwa ulianza katikati ya miaka ya 1930 chini ya Waingereza, na mgodi ule ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki hata ulipofungwa mwaka 1966. Ulipofungwa, mji ulipungua kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Wachimbaji wadogo wakaja baadaye, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, wakichimba maduara kwa sululu na kuyashikiza kwa magogo. Na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu. Tangu hapo Kalangalala imejaa nyumba za mabati, maduka na pikipiki, na mwezi wa Machi 2012 Geita ikawa mkoa.

Sasa tuje katika mambo ya nyumbani, ambayo vitabu vya madini havina nafasi nayo.

Ukitaka kujua historia ya ukoo wa Kisukuma, yasikilize majina. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, na atakayewafuata tumboni ni Shija, hata kama wazazi wangependa jina lingine. Mabula ni yule aliyezaliwa mvua ikinyesha. Njile alizaliwa njiani. Kashinje alitangulia kutoka miguu. Katika daftari la darasa letu twayaona majina haya yamekaa nyuma ya jina la ubatizo, na mara nyingine twapata habari ambazo mtoto mwenyewe hazijui. Tulipata kuwa na Njile watatu katika darasa moja. Watatu hao ni alama ya kuhama: mama zao walikuwa safarini, na safari haikungoja.

Zamani mafundisho ya wavulana yalikuwa shikome, ule moto wa jioni katikati ya boma, ndani ya ua wa minyaa. Hapo wazee walikaa na vijana baada ya ng'ombe kuingia, wakatoa vitendawili, wakasimulia vita vya watemi, wakamwonya mvivu bila kumtaja jina. Vijana walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima kwa zamu shamba la kila mwenye haja. Siku ya kulima ilikuwa siku ya kazi na siku ya karamu pia: ngoma kubwa mbele, majembe yakipanda na kushuka kwa kipimo kimoja, na mwenye shamba akipika. Ndiyo asili ya bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo leo huchezwa mbele ya wageni wa serikali bila udongo wowote kupinduliwa. Hatusemi kwamba ni vibaya, lakini aliyeiona ikichezwa shambani hawezi kuridhika sana na ile ya uwanjani.

Furaha kubwa ilikuja baada ya mavuno, mwezi wa Juni hata Agosti, maghala yakiwa na mtama na uwele, na michembe imekwisha kukauka juu ya miamba. Huo ndio wakati wa mashindano ya Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya kumi na tisa walikuwako mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana kwa uchezaji na kwa dawa. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wa Gumha wakawa Bagalu. Hata leo mtu huwa wa upande mmoja. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, huku na huku katika uwanja mmoja, wala hapana mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji ndio waamuzi: wakivutwa huku wanakimbilia huku, wakivutwa kule wanakimbilia kule, na mwisho aliye na umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo kila kikundi hutafuta jambo la kushangaza watu. Wabayeye huja na majoka makubwa wakayaviringisha shingoni. Mwingine atatunga wimbo wa kumcheka mpinzani wake, na maneno yake yatakumbukwa miaka mingi kuliko hotuba ya mkubwa yeyote.

Wamisionari wa kwanza waliziogopa ngoma hizi kwa ajili ya dawa zake, nao walikuwa na sababu. Lakini huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada aliyepewa jina la Kisukuma Fumbuka, aliona njia nyingine. Tangu miaka ya 1950 sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikaanza kuadhimishwa kule kwa ngoma, ikaitwa Bulabo, maana yake maua. Watu wa pande zetu huvuka ghuba kwenda kutazama, na Bagika na Bagalu hushindana bado, baada ya maandamano. Twaona padre yule alitambua jambo ambalo wengi hawakulitambua: kwamba watu hawakupenda dawa, bali walipenda kuwa pamoja, na dawa ilikuwa hofu ya kushindwa tu.

Hofu hiyo hiyo, wasomaji wapenzi, imetuletea aibu ambayo hatuwezi kuiruka. Katika miaka ya 1970 na baadaye, vikongwe wengi katika Usukuma walikatwa mapanga usiku kwa kushtakiwa uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwa rangi gani? Twajiuliza pia kwa nini mambo haya yalizidi wakati ule. Mwaka 1974 watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na ghafula mtu akajikuta amepakana na asiyemjua babu yake wala desturi yake. Mtoto akifa kwa malaria, jirani mgeni ndiye aliyetazamwa. Mara nyingine lilikuwako shamba la mjane, na walikuwako waliolitaka.

Kisha, tangu karibu mwaka 2007, wakaanza kuuawa ndugu zetu wenye ualbino, wakubwa kwa wadogo, viungo vyao vikatwe kwa ajili ya bahati ya mgodini na ziwani. Hapa dhahabu inaingia tena katika habari zetu. Mchimbaji mdogo hushuka duarani bila kujua kama mwamba una kitu. Anaweza kuchimba miezi sita akapata vumbi, na mwenzake wa hatua ishirini akanunua nyumba. Mpiga ramli hula katika nafasi ile iliyo kati ya jasho na bahati. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya namna hii, na mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo wazazi wengine waliendelea kuwafungia watoto wao ndani jua linapokuchwa. Katika miaka hiyo mwalimu aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo darasani hakumwacha aende nyumbani peke yake. Alimsindikiza mpaka mlangoni.

Si haki kuyasema hayo tu juu ya wachimbaji. Mwezi wa Januari 2017, huko Nyarugusu, watu 15 walifukiwa chini ya ardhi katika mgodi, na siku zote za kungoja mji haukulala. Wanawake walikaa chini kimya, waliokuwa na redio wakazipeleka karibu, makanisa na misikiti ikajaa siku ambazo si za sala. Walipotolewa wote wakiwa hai, vigelegele vilisikika mpaka kwenye karasha, na mashine za kusagia mawe zikazimwa. Waliokolewa Watanzania 14 na Mchina mmoja, na hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani.

Katika taabu zetu maji ya ghuba yalikuwa na sehemu kubwa. Safari ya Mwanza ilitaka kivuko, na msiba wa meli ya MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996, ulioua mamia ya watu karibu na Mwanza, uliwafanya wazee wengi waogope kupanda chombo chochote. Maiti aliyefia hospitali ya Mwanza aliweza kungoja Kigongo nusu ya siku, waombolezaji wakiwa wamekaa juani pembeni mwa jeneza. Bibi harusi naye alingoja hapo hapo, nguo yake nyeupe ikichafuka vumbi, na mara nyingi misafara hiyo miwili ilikaa katika foleni moja. Hapo wenye harusi walinyamaza ngoma zao bila kuambiwa, na wafiwa wakaomba radhi kwa kuwaharibia siku.

Mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, urefu wake kama kilomita 3. Siku hizi misafara hupita kwa dakika chache, kila mmoja na wakati wake. Wauza samaki na mahindi ya kuchoma waliokaa miaka yote pale kivukoni wamesogea na vikapu vyao kwenda kando ya barabara, na magari hayasimami sana.