Kutoka Kodi ya Kibanda hadi Kodi ya Ardhi

Katika Afrika Mashariki, neno "kodi" limebeba kumbukumbu chungu. Hapa kwetu Uganda, Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliagiza kila nyumba ya kuishi itozwe rupia 3 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, Waingereza waliingiza kodi ya kibanda katika nchi jirani ambayo leo ni Kenya. Mume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Watu walipoanza kubanana katika kibanda kimoja ili kupunguza mzigo, serikali ilileta kodi ya kichwa mwaka 1910, ikawanasa hata vijana wasio na vibanda. Rupia hazioti shambani. Wengi walilazimika kwenda kuwafanyia kazi walowezi ili wazipate. Aliyelipa hakuulizwa maoni yake, wala hakuwa na mahali pa kulalamika.

Leo mambo yamebadilika. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaziruhusu serikali 47 za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, kutoza kodi ya mali. Kaunti huandaa daftari la uthamini linaloonyesha kila kiwanja na thamani yake, kisha humtoza mwenye kiwanja sehemu ya thamani hiyo kila mwaka. Asiyelipa huongezewa adhabu na anaweza kushtakiwa. Tena, akitaka kuuza kiwanja, hudaiwa cheti cha kuthibitisha kwamba hana deni.

Kwa desturi, kinachothaminiwa ni ardhi tupu, si jengo. Kwa hiyo mjane mwenye nyumba ndogo na tajiri mwenye ghorofa, wakiwa na viwanja vya thamani sawa, hulipa sawa. Uganda ilichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2005 ilimsamehe mwenye nyumba anayeishi ndani yake, ikamtoza anayeipangisha.

Hata hivyo, daftari lisipohuishwa, haki hupotea. Jijini Nairobi, thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilitumika kwa miongo kadhaa, ilhali bei za ardhi zilikuwa zikipanda. Ndiyo maana raia anapaswa kujua kwamba daftari jipya linapotangazwa, ana haki ya kulikagua na kulipinga. Babu zetu hawakuwa na haki hiyo.

Swali la kujadili darasani: Je, ni haki kutoza ardhi pekee, au nyumba nayo ihesabiwe? Toa sababu.