Lahaja na usemi wa rangi katika riwaya ya kihistoria (Meru)

Lahaja na usemi wa rangi katika riwaya ya kihistoria ni namna mwandishi anavyowapa wahusika wa zama zilizopita lafudhi, msamiati na ufasaha unaobainisha kabila, rangi na daraja lao. Katika eneo la Meru, nchini Kenya, suala hili lina uzito wake. Mkazi wa Mikinduri enzi za ukoloni aliweza kusikia Kitigania nyumbani, Kiimenti katika vitabu vya misheni, Kiswahili cha askari barazani, na Kiingereza cha bwana D.C. (mkuu wa wilaya) kupitia kwa mkalimani. Riwaya inayosimulia hayo yote kwa lugha moja hulazimika kuamua nani aonekane fasaha na nani aonekane anababaika.

Lugha za eneo

Mikinduri iko Tigania Mashariki, upande wa milima ya Nyambene. Kitigania ni mojawapo ya lahaja za Kimeru, pamoja na Kiimenti, Kiigembe, Kiigoji na Kimiutine. Kitharaka, Kichuka na Kimwimbi-Kimuthambi mara nyingi huhesabiwa na wanaisimu kuwa lugha zinazojitegemea, na Kiembu kiko jirani upande wa kusini. Maandishi ya misheni yaliegemea Kiimenti, na Biblia nzima ya Kimeru ikatoka mwaka 1964. Kwa hiyo mwandishi anayemtilia mzee wa Tigania maneno ya Kimeru cha vitabuni huwa amekwisha kumhamisha kwao. Hatari nyingine ni kumpa usemi wa Kikuyu. Majina kama Nkubu, Ntonyiri na Nchiru yanaonyesha sauti za *nk*, *nt* na *nch*, ambazo kwa Kikuyu aghalabu huwa *ng*, *nd* na *nj*.

Masimulizi ya Mbwaa

Usemi wa watu wa rangi nyingine ni jambo la kale katika usimulizi wa Wameru. Wazee husimulia kwamba mababu walitawaliwa katika kisiwa cha Mbwaa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, hadi kiongozi wao, Koomenjwe, alipowatoa na kuwavusha maji. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Katika masimulizi, Nguuntune hutoa amri zao kwa Kimeru, kwa kuwa msimulizi hana haja ya lugha nyingine. Mwandishi wa riwaya hana nafuu hiyo. Akikubali dhana ya Manda, itambidi aamue kama watawala hao watasema Kiamu (lahaja ya Lamu), Kiarabu au Kiswahili sanifu, na kila chaguo litadai jambo kuhusu asili yao ambalo masimulizi yenyewe hayakulisema.

Kisetla

Katika karne ya 20, pengo la rangi lilisikika zaidi katika Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa cha masetla wa bara. Upatanisho wa ngeli ulipotea, amri zikatawala, na neno *hapana* likakanusha kila kitu: *mimi hapana taka*, *wewe kwenda leta kuni*. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa askari, masetla na wake zao. Shambani Timau, katika eneo la Meru, basi, bwana na mpishi wake wote walikuwa wakitumia lugha ya kujifunza, na mara nyingi mpishi ndiye aliyekimudu zaidi Kiswahili hicho.

Riwaya za Kiingereza zinaweza kugeuza mizani hiyo. Amri ya bwana, iliyotamkwa kwa Kisetla kibovu, huandikwa kwa Kiingereza safi, ilhali jibu la mtumishi huandikwa kwa Kiingereza kilichovunjika. Msomaji hubaki akidhani kwamba mtumishi ndiye asiyejua kusema. Elspeth Huxley, ingawa alikulia katika jamii ya masetla, alipita njia nyingine katika *Red Strangers* (1939): Wagikuyu huongea kwa ufasaha wao, na Wazungu ndio wageni wa ajabu.

Katika fasihi ya Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili ina uwezo ambao ile ya Kiingereza haina, kwani inaweza kukiandika Kisetla kama kilivyosemwa. P. M. Kareithi alivileta vita vya Mau Mau katika Kiswahili kwa *Kaburi Bila Msalaba* (1969). Zanzibar, Adam Shafi alichora jamii ya rangi mbalimbali ya miaka ya mwisho ya ukoloni katika *Vuta N'kuvute* (1999). Kwa upande wa Meru, makamanda wa Mau Mau kama Musa Mwariama na Baimungi, waliotoka msituni wakati wa uhuru mwaka 1963, wangemdai mwandishi atenganishe usemi wa kiapo, wa baraza la wazee la Njuri Ncheke na wa mahojiano mbele ya karani.

Mjadala

Nchini Marekani, William Styron, Mzungu, alisimulia kwa nafsi ya mtumwa Mweusi aliyeongoza uasi katika *The Confessions of Nat Turner* (1967). Mwaka uliofuata waandishi kumi Weusi walitoa kitabu cha kumpinga. Mnaijeria Chinua Achebe, katika *Things Fall Apart* (1958), aliuelekeza mzaha kwa mkalimani wa mmisionari, ambaye lahaja yake ngeni inawachekesha wanakijiji.

Kenya ina kikwazo cha ziada: vichekesho vya redio na televisheni, kama *Vioja Mahakamani*, vimewazoesha watu kucheka lafudhi za makabila. Lafudhi ya Kimeru ikiandikwa herufi kwa herufi katika riwaya ya huzuni, msomaji huenda akacheka pasipostahili. Njia salama zaidi ni kuandika mazungumzo ya lugha ya mama kwa Kiswahili kamili, chenye methali na heshima zake, na kuuvunja usemi pale tu mhusika anapoingia katika lugha isiyo yake. Kanuni hiyo yapasa imfunge kila mtu: mzee wa Mikinduri mbele ya hakimu, setla mbele ya mpishi, na mmisionari pia, ambaye pengine Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake.