Kusita kwa Talia: Shujaa wa Kike na Mnyama Mwandani katika Riwaya ya Kwanza ya Mercedes Lackey

Mwaka 1987 kampuni ya DAW Books ya New York ilichapisha Arrows of the Queen, riwaya ya kwanza ya Mercedes Lackey, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1950. Kitabu kilitoka kwa jalada jepesi, katika aina ya fasihi ambayo wahakiki wa vyuoni wamezoea kuipita bila kuitupia jicho. Kikisimuliwa kwa ufupi hakionekani kustahili mjadala: msichana mnyonge anakutana na farasi mweupe mwenye akili, anachukuliwa hadi mji mkuu wa Valdemar, na huko anaambiwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa mshauri wa karibu wa malkia. Hata hivyo, chini ya msuko huu mwepesi mna swali zito: msichana aliyekataa kuchaguliwa na mume anakuwa huru kwa kuchaguliwa na mnyama?

Shujaa anayesita si mgeni katika fantasia ya Kiingereza. Bilbo Baggins wa The Hobbit, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotoka mwaka 1937, husita kwa sababu ana nyumba ya starehe, ghala lililojaa na jina jema mbele ya majirani. Kusita kwake ni kwa mtu aliye na cha kupoteza. Talia hana cha kupoteza, naye husita zaidi ya Bilbo. Chanzo cha hali hiyo ni malezi.

Kuhusu mnyama, deni la Lackey ni kwa Anne McCaffrey. Mwaka 1967 McCaffrey alichapisha hadithi iitwayo "Weyr Search", ambayo mwaka uliofuata ilimfanya mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Hugo kwa kazi ya kubuni. Hadithi hiyo iliingia katika riwaya yake Dragonflight ya mwaka 1968. Humo msichana Lessa anaungana na joka wa kike Ramoth punde tu joka huyo anapoangua yai, na nia zao zinafungamana kwa maisha yote. Lackey aliuchukua muungano huo wa ghafla na wa kudumu, lakini alibadilisha jambo moja lenye uzito. Ramoth ni kinda. Yeye na Lessa wanakua pamoja. Rolan, mwandani wa Talia, ni mkongwe wa kazi. Alikwisha kumtumikia Talamir, mshauri wa malkia aliyeuawa, na sasa ametoka kumtafuta mrithi wake. Katika uhusiano huu mnyama ndiye mjuzi, na binadamu ndiye asiyejua lolote. Aidha, Lessa ni mjanja anayepanga kisasi miaka kadhaa. Talia anataka tu kuachwa asome.

Sura za mwanzo ndizo zenye nguvu zaidi. Talia, mwenye umri wa miaka 13, anaishi mpakani miongoni mwa jamii ya Holderkin, ambamo mwanamume huoa wake wengi na mke mkuu hutawala kazi za nyumba. Kusoma kwake ni kosa linalovumiliwa kwa shida. Anaitwa mbele ya wake za baba yake, anaarifiwa kuwa wakati wake wa kuolewa umefika, na anapothubutu kutamka kuwa angependa kuwa mmoja wa Wajumbe wa malkia, tamko hilo linapokewa kama matusi. Anakimbia. Ndipo anapokutana na Rolan, na hapo Lackey anafanya jambo la busara: Talia haelewi kwamba amechaguliwa. Anadhani mnyama huyu amempotea mwenyewe, na kwamba wajibu wake ni kumrudisha. Safari nzima hadi mji mkuu anaifanya kama mtu anayepeleka mali ya watu. Wengine anaokutana nao njiani wanaelewa maana ya msichana aliyepanda mnyama mweupe kama yule, yeye haelewi. Msichana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba hakuna chochote chake hawezi kudhani kwamba kitu kizuri kilichomsimamia mbele kimekuja kwa ajili yake. Kejeli hiyo inaeleza mengi kuhusu Holderkin kuliko hotuba yoyote ya mhusika.

Tatizo la riwaya huanza Talia anapofika. Huko anaambiwa kwamba uchaguzi wa wanyama hawa haukosei, na tangu hapo kusita kwake kunageuka kuwa kama ugonjwa unaongoja kupona. Hoja zake dhidi ya wadhifa huo hazijibiwi. Zinafunikwa na upendo wa Rolan. Wake za baba yake walimwamulia kuolewa bila kumwuliza. Rolan naye alimchagulia maisha bila kumwuliza. Tofauti ipo, kwa kuwa Rolan anamjua Talia kwa ndani, lakini mwandishi hathubutu kuipima tofauti hiyo.

Msomaji aliyelelewa kwa ngano za pwani atatambua kilichokosekana. Mnyama mwenye hekima kuliko bwana wake si kioja kwake. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kutolewa London mwaka 1870 ndani ya Swahili Tales, maskini anayechakura jaani ananunua paa. Paa huyo anamtafutia utajiri, mke na jumba, kwa akili yake mwenyewe. Maskini anayapokea yote, kisha paa anapougua anamnyima hata uji mzuri, na paa anakufa. Mwishowe bwana yule anaamka yuko pale pale jaani. Mnyama wa ngano anaweza kukosea katika kumchagua bwana, na anaweza kudhulumiwa. Ndiyo maana wema wake una bei. Rolan hana hatari ya namna hiyo. Talia hawezi kumsaliti, na kwa hiyo uaminifu wake kwake hauwi jaribio.

Lakini Lackey anajikomboa mahali pasipotarajiwa. Chuoni, Talia anaonewa na wanafunzi wa tabaka la juu, naye hamwambii mtu. Nyumbani alijifunza kwamba mlalamikaji huongezewa adhabu. Kimya hicho kinakaribia kumwua: anatupwa mtoni majira ya baridi, na anaokolewa kwa kuwa Rolan aliwaita wengine. Mnyama anaweza kumtoa majini. Hawezi kumfundisha kulalamika, na jambo hilo linachukua kurasa nyingi na watu wengi, akiwemo Jadus, Mjumbe mzee aliyepoteza mguu, ambaye Talia anajifunza kwake kinubi na kuaminiana.

Hali kadhalika kazi yake kuu ya kwanza, kumnyosha Elspeth, binti wa malkia aliyedekezwa hadi kuharibika, Talia haifanyi kwa uwezo wa kimiujiza wala kwa msaada wa Rolan. Anaifanya kwa subira na ukali wa kiasi, kwa maarifa ya msichana aliyelea watoto wadogo wa nyumba nzima kabla hajabaleghe. Maarifa hayo aliyapata Holderkin, katika kazi ile ile aliyoikimbia. Farasi mweupe alimtoa huko, lakini kilichomfaa malkia ni alichotoka nacho. Katika kurasa hizo za Elspeth, ambazo mpenzi wa mapanga na mazimwi huenda akazifungua harakaharaka, Talia hasiti hata kidogo, na hakuna anayemwambia kwamba amechaguliwa.