Injini yenye uzito wa wapagazi kumi

Silinda hedi moja ya injini ya Chevrolet 454, pamoja na valvu zake, ina uzito wa karibu kilo 34. Kranki yake haipishani sana na hapo. Bloku tupu inazidi kilo 100, na injini nzima inafika kilo 300 na ushei. Naanza na uzito kwa sababu Kabambare, mji wetu wa Maniema mashariki ya Kongo, umezoea kupima vitu kwa mabega. Katika njia ya zamani ya Ujiji, Kabambare, Kasongo hadi Nyangwe, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Kwa hesabu hiyo hedi ni mtu mmoja, bloku ni watu wanne na mti begani, na injini nzima ni wapagazi kumi.

Hesabu hii ina sababu yake. Ndugu zetu wengi wa mashariki ya Kongo wamehamia Marekani kama wakimbizi, na huko wamekuta magari-nyumba, yale mabasi yenye kitanda, jiko na choo ndani. Bodi huoza kabla ya injini, kwa hiyo injini hung'olewa na kuuzwa, mara nyingi kwa bei ya kutamanisha. Ndipo picha zinapotumwa kwa simu zikiwa na maswali matatu: hii ni injini gani, ina thamani gani, na je, niitie kwenye kontena ije nyumbani? Maswali hayo yana umri mkubwa kuliko simu. Hapa kwetu yamekuwa yakiulizwa tangu wakati wa misafara.

Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare akielekea Nyangwe. Wapagazi wake walikuwa wamebeba boti iliyokatwa vipande, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames. Ilipofika Zanzibar vipande vyake vilikutwa vizito na vipana mno kwa njia za miguu, ikabidi fundi seremala aliyekuwa huko avipunguze. Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Boti ilikuwa nzuri, mpya, imelipiwa, lakini kwenye njia yetu haikuwa na thamani mpaka ikatwe ilingane na bega la mtu. Njia hii haikumwonea huruma mgeni yeyote: Livingstone mwenyewe alikaa Kabambare miezi mingi kuanzia 1870, miguu imejaa vidonda.

Baadaye majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliichukua Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwanzoni mwa 1894. Reli ya Kindu–Kongolo ilianza kazi mwaka 1911, lakini ilipita magharibi ya Lualaba. Mto ukabaki katikati, na upande wetu ukabaki wa miguu.

Injini za petroli zenye nguvu zilipita kusini yetu mwaka 1915, na kupita kwenyewe kulikuwa kazi ya jasho. Waingereza walitaka kuzishinda meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na injini mbili za Thornycroft za nguvu farasi 100. Ziliburutwa Katanga kwa matrekta ya mvuke na maksai, zikateremshwa Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda treni kwenda ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani.

Ila funzo kubwa zaidi kuhusu injini iliyotumika liko katika meli nyingine ya ziwa hilohilo. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao kubwa Graf von Götzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, baada ya miaka minane kupita, mitambo na boila zilikutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na vizazi vya watu wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura vimeijua kwa jina hilo. Kila ninapoulizwa juu ya injini iliyokaa miaka bila kuwashwa naikumbuka grisi ile. Aliyeizima alijua kwamba kuna mtu atakuja kuiwasha.

Na gari-nyumba lenyewe si geni Kongo. Mwaka 1938 Attilio Gatti, msafiri wa Kiitaliano, aliingia Kongo ya Kibelgiji na nyumba mbili za magurudumu zilizoundwa na International Harvester wa Marekani, zikivutwa na malori ya kampuni hiyo. Zilichorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mbunifu aliyejulikana kwa magari ya kifahari, na zilikuwa na vitanda, jiko na umeme. Malori yale yalikuwa na deni zito: kila starehe iliyokuwa nyuma, injini ya mbele iliivuta kwenye matope.

Baadaye deni hilohilo liliiangukia injini tunayoizungumzia. Mwaka 1965 Chevrolet ilitoa familia mpya ya V8 ya bloku kubwa. Valvu zake zilielekea huku na huku kama miiba, Wamarekani wakaipa jina la nungunungu. Mwaka 1970 ikafika ujazo wa 454, maana yake inchi za ujazo, ambazo ni lita 7.4. Ford ilikuwa na 460, lita 7.5. Chrysler ilikuwa na 440, lita 7.2, na chesisi zake za Dodge zilibeba magari-nyumba mengi ya Winnebago. GMC nayo, kati ya 1973 na 1978, ilitengeneza gari-nyumba lake la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, kwanza kwa injini ya Oldsmobile 455. Gari hilo lilitoka mwaka uleule wa 1973 ambao nchi za Kiarabu zilifunga bomba la mafuta, na petroli ikapanda dunia nzima.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani bloku kubwa ni lita nyingi. Chevrolet ilikuwa na bloku ndogo ya 400, lita 6.6, na bloku kubwa ya 396, lita 6.5. Ndogo iliipita kubwa! Jina linatokana na umbo la chuma chenyewe, upana na kimo chake, kwa hiyo anayekutajia lita tu hajakutambulishia injini.

Basi utaitambuaje? Rangi haisaidii, kila mtu hupaka. Kibandiko cha kichungi cha hewa hakisaidii pia, maana huhamishwa. Tazama kwanza distribyuta ilipo. Chevrolet huiweka nyuma, karibu na giaboksi; Ford 460 na Chrysler 440 huiweka mbele. Hesabu boliti za kifuniko cha valvu: bloku kubwa ya Chevrolet ina saba kila upande, ile ndogo ya miaka hiyo ina nne. Kisha chukua kitambaa chenye dizeli na brashi ya waya, usafishe sehemu ya nyuma ya bloku inapokutana na giaboksi. Hapo pana namba iliyosubiwa pamoja na chuma. Ikiwa imefifia, isugue kwa chaki nyeupe. Chaki itakaa juu ya namba na giza litabaki pembeni, hata simu ya bei ndogo itaipiga picha isomeke.

Tarehe ya kusubu husomeka kwa herufi na tarakimu. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea; hufuata siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. D147 ni tarehe 14 Aprili ya mwaka unaoishia na 7. Ni 1967 au 1977? Namba hiyo peke yake haisemi. Lazima utafute ushahidi mwingine, kama namba iliyogongwa kwenye kibao kidogo cha mbele, upande wa kulia, ambako T ni kiwanda cha Tonawanda, New York. Tazama pia sili ya nyuma ya kranki: hadi 1990 ilikuwa ya vipande viwili, kuanzia 1991 ni kipande kimoja. Kosa moja hapo, na sili uliyoagiza kutoka mbali itafika isitoshe.

Baada ya jina ndipo inakuja hali. Injini ya gari-nyumba huweza kuwa na kilomita chache na bado ikawa imechoka, kwa sababu kila kilomita iliipanda mlimani ikiwa na tani kadhaa, imefungiwa kwenye sanduku kati ya dereva na abiria, joto halina pa kutokea. Manifoldi za moshi hupasuka kwa joto hilo. Halafu gari huegeshwa miaka, unyevu unaingia kwenye silinda, na ringi zinagandamana. Ng'oa plagi zote nane, zungusha kranki kwa mkono. Ikikataa, usiilazimishe. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Pima mgandamizo wa kila silinda, na uangalie tofauti kati ya moja na nyingine kuliko kuangalia ile iliyo juu.

Huko Marekani, ikiyapita hayo, ina wanunuzi, hasa vijana wa mbio wanaotaka bloku na kranki. Hedi za gari-nyumba zina njia nyembamba za hewa, na wao huzitupa. Hapa Kabambare thamani huanzia kwingine. Gari-nyumba lenye 454 hunywa lita 30 hadi 40 kwa kilomita 100 kwenye lami. Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 za udongo, na mafuta mengi hutufikia kwenye madumu, juu ya pikipiki na baiskeli. Injini ya farasi zaidi ya 200 itasimama ikisubiri dumu.

Ilinganishe na Lister CS, dizeli ya silinda moja iliyotoka Dursley, Uingereza, mwaka 1929. Ina nguvu farasi 5 au 6, inazunguka polepole mara 600 hivi kwa dakika, ina vipuri ambavyo fundi anaweza kuvichonga, na nakala zake za Kihindi zimekoboa nafaka Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Ukiifunga kwenye kinu cha mpunga, na mpunga Maniema tunao, italipa gharama zake hata barabara ikikatika msimu mzima wa mvua.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye Texas au Ohio, nitumie namba ya nyuma ya bloku nami nitakusomea kwa furaha. Ukiamua kuinunua, iuze hukohuko. Nafasi iliyobaki kwenye kontena weka dizeli ndogo moja na seti mbili za ringi, ukizipaka grisi kabla hujafunga sanduku.