Saratani ya mlango wa kizazi: binti amechanjwa, mama je?

Saratani inayoua wanawake wengi zaidi Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huiita saratani ya shingo ya kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha kwamba nchi yetu hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wanawake zaidi ya 6,500 hufariki. Hii ni saratani ambayo chanzo chake kinajulikana, ina chanjo, na inaweza kukamatwa miaka mingi kabla haijawa saratani. Katika makala haya tunaeleza kinachofanyika kupunguza vifo hivyo, na mahali ambapo kazi bado inasuasua.

Tuanze na chanzo. Karibu wagonjwa wote wa saratani hii waliwahi kuambukizwa kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenezwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za HPV ni nyingi, lakini mbili tu, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana na HPV wakati fulani, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa hiyo kuwa nacho si ushahidi wa umalaya, na tunalisema hili wazi kwa sababu aibu hiyo imewazuia wengi kwenda kupimwa.

Kwa wanawake wachache kirusi hakiondoki. Hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mabadiliko hayo kufikia saratani. Mwenye kinga dhaifu, hasa mwanamke anayeishi na VVU bila dawa, anaweza kufika huko ndani ya miaka 5 hadi 10. Katika miaka yote hiyo hasikii maumivu wala haoni dalili.

Mkakati wa dunia

Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kutokomeza saratani hii, maarufu kama 90-70-90. Ifikapo 2030 kila nchi inatakiwa iwe imechanja asilimia 90 ya wasichana kabla hawajatimiza miaka 15, imewapima asilimia 70 ya wanawake wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na inawatibu asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo. Ukizisoma namba hizo pamoja utaona ya katikati ndiyo ndogo kuliko zote. Hata waliopanga mkakati walijua kwamba kumpima mwanamke mzima ni kazi ngumu kuliko kumchanja mtoto shuleni.

Chanjo: ushahidi uliotoka Mwanza

Tanzania ilianza kuijaribu chanjo ya HPV mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, kisha ikaisambaza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Wakati huo kila binti alihitaji dozi mbili, na hapo ndipo wengi walipopotelea njiani. Anachanjwa leo, na dozi ya pili inapofika ameshamaliza darasa la saba au amehamia kwa shangazi yake mkoa mwingine.

Je, dozi moja ingetosha? Sehemu ya jibu ilitoka Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu, na damu yao ikafuatiliwa. Miaka miwili baadaye, zaidi ya 9 kati ya 10 waliopata dozi moja bado walikuwa na kinga. Nchini Kenya utafiti mwingine uliwahusisha wasichana na wanawake vijana wa miaka 15 hadi 20, nao ukaonyesha kwamba katika miezi 18 ya kwanza dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike, na Aprili 2024 Tanzania ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ni jambo ambalo hatulisemi vya kutosha: mabinti wa Kanda ya Ziwa walisaidia kubadilisha sera ya dunia.

Kuhusu uvumi kwamba chanjo hufunga kizazi. Ndani yake hakuna kirusi hai. Kuna ganda la protini linalofanana na la kirusi, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, na waliokuwa na miaka 12 wakati ule sasa ni wanawake wa miaka 25 au zaidi. Huko Scotland, watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba hawakukuta mgonjwa hata mmoja wa saratani hii miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu tiba yake mara nyingi ni kuondoa mfuko wa uzazi, au mionzi ambayo huharibu ovari.

Mama mwenyewe

Redioni, tukizungumzia chanjo, simu hazikatiki. Tukigeukia suala la mama kwenda kupimwa, studio inatulia. Binti aliyechanjwa mwaka 2024 atatuonyesha faida kubwa miaka ya 2040 na kuendelea. Wanawake wanaofariki sasa, na watakaofariki miaka kumi ijayo, wengi wao hawakuwahi kuchanjwa, na chanjo ya watoto wao haiwasaidii wao.

Kipimo kinachotumika zaidi kwetu kinaitwa VIA, nacho hakihitaji maabara. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki iliyozimuliwa hadi asilimia 3 hadi 5, ambayo ndiyo iliyomo kwenye siki ya kachumbari. Anasubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye chembe zilizobadilika huwa nyeupe. Ikiwa ni ndogo na haina dalili za saratani, inaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa tiba mgando, yaani kuigandisha kwa gesi ya baridi kali, au kwa kuichoma kwa kifaa cha joto. Huko Mumbai, India, utafiti uliohusisha wanawake wapatao 150,000 ulionyesha kwamba kipimo hiki, kikifanywa na wahudumu wa afya ya msingi waliofundishwa, kilipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31.

Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la mhudumu. Ndiyo maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, na ambacho kinaweza kufanyika kwenye baadhi ya mashine zinazopima kifua kikuu. Kikwazo ni bei ya vifaa vyake.

Lakini tunaona kikwazo kikubwa zaidi kipo kwenye ratiba ya maisha. Mwanamke huzoea zahanati kwa sababu ya mimba na watoto. Akishamaliza kuzaa anaacha kwenda, na hapo ndipo anapoingia kwenye umri wa kupimwa, miaka 30 hadi 50. Wenye VVU, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wengine, wanashauriwa waanze wakiwa na miaka 25, nao angalau wana kliniki ya CTC inayoweza kuwakumbusha. Hawa wengine hakuna anayewaita.

Matokeo yake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mionzi hupatikana katika hospitali chache tu, zikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, na tiba yake huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa wa kijijini anahitaji nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumuuguza.

Ukienda kupimwa, chagua siku ambayo huna hedhi, na ulizia uchunguzi wa mlango wa kizazi kwenye kliniki ya mama na mtoto au ya uzazi wa mpango. Kama zahanati yako haina huduma hiyo, uliza siku ambazo kituo cha afya au hospitali ya wilaya huitoa. Usisubiri siku hizo, nenda mara moja, ikiwa unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma kabisa, au uchafu wenye harufu usioisha. Kwa dalili hizo umri wowote unahesabika, hata kama umeshavuka 50.