Mwandika Dawa na Mtoa Dawa: Historia Fupi kwa Kutazama Upande wa Mnyuzi

Katika nchi kadhaa za dunia pana mjadala juu ya kazi ya wafamasia: je, wapewe haki ya kumwandikia mgonjwa dawa, au wabaki katika kazi ya kutayarisha na kutoa dawa zilizoandikwa na daktari? Uingereza iliwapa wafamasia waliopata mafunzo maalumu haki ya kuandika dawa kwa kujitegemea mwaka 2006, na jimbo la Alberta katika Kanada likafuata mwaka 2007. Katika Tanzania sheria bado huziweka kazi hizi mbili mbalimbali. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hili likiulizwa Mnyuzi, katika wilaya ya Korogwe, hugeuka sura. Mjini huulizwa kama mtoa dawa aruhusiwe kuandika. Shambani mtoa dawa ndiye aliyekuwa mwamuzi wa dawa tangu zamani, na lililobaki ni kuuliza ameamua kwa elimu gani na kwa hesabu ya nani.

Yafaa tuanze na maneno, maana lugha imehifadhi khabari ambazo sheria imezisahau. Neno la asili ni mganga. Kitenzi kuganga kina maana mbili zilizo karibu: kufunga au kuunga kitu kilichovunjika, na kuponya. Mganga alimtazama mgonjwa, akaujua ugonjwa, akachimba mzizi, akaupika, akamnywesha, kisha akapokea ada yake. Kazi zote hizo zilikuwa za mtu mmoja. Haikuwapo haja ya jina moja la mwenye kuamua na jina lingine la mwenye kutoa.

Mgawanyo huo ulizaliwa kwingine. Katika Baghdad ya karne ya 9 wauza dawa walikwisha kuwa na maduka na ujuzi wao wenyewe, na katika karne ya 11 al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya dawa. Katika Ulaya, amri ya Mfalme Frederick wa Pili, iliyotolewa Sisilia katika karne ya 13, ilitenga kazi ya tabibu na kazi ya mwuza dawa. Hata hivyo mpaka huo haukutulia. Mjini London mwuza dawa William Rose alishtakiwa na chuo cha matabibu kwa kumtibu mgonjwa bila idhini yao, na mwaka 1704 Baraza la Makabaila likamwachilia. Tangu hapo wauza dawa wa Uingereza waliweza kushauri na kutibu, mradi walipwe kwa dawa tu na si kwa ushauri. Mjadala wa leo, basi, una umri wa zaidi ya miaka 300.

Kiswahili kiliupokea mgawanyo huo pamoja na karatasi. Tabibu tulimpata kwa Waarabu, daktari kwa Wazungu, na cheti kwa Wahindi. Mgonjwa wa hospitali hasemi tu kwamba amepewa dawa, husema ameandikiwa. Katika neno hili moja, kuandikiwa, mamlaka yote yametiwa katika kalamu. Asiye na kalamu hawezi kuwa na neno juu ya dawa, ingawa chupa i mkononi mwake. Lakini kalamu hiyo ilifikaje Mnyuzi?

Mnyuzi ipo kati ya Muheza na Korogwe, chini ya milima ya Usambara, na watu wake wa asili ni Wazigua, Wabondei na Wasambaa. Reli ya Wadachi kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, nayo ikapita hapo. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea katika bonde, na watu wa kazi wakaja kutoka mbali. Mwaka 1963 njia ya reli kutoka Ruvu iliunganishwa na njia ya Tanga hapo hapo Mnyuzi. Mahali penye reli na mkonge hapakosi homa, wala hapakosi mtu wa kugawa dawa ya homa. Juu ya milima, kule Amani, Wadachi walikuwa na bustani ya majaribio tangu 1902. Huko walipanda miti ya sinkona, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi yao, hadi Waingereza walipoitwaa Amani mwaka 1916.

Chini ya Waingereza alitokea mtu ambaye historia haijampa haki yake, yaani dresa. Dk. John Shircore, mkuu wa idara ya afya ya Tanganyika, aliweka katika miaka ya 1920 utaratibu wa dresa wa vijijini walioajiriwa na serikali za wenyeji, na mashamba makubwa ya mkonge nayo yakawa na vyumba vya dawa. Kwa Kiingereza jina lake lamaanisha mfunga vidonda tu. Basi hapa pana jambo la ajabu kwa mwanafunzi wa lugha: kufunga ndiyo maana ya kwanza ya kuganga. Serikali ilimwajiri mfunga vidonda, wananchi wakampokea kama mganga, na neno lao likawa la kweli kuliko barua ya ajira. Daktari alikuwa mbali. Mgonjwa mwenye homa alisimama mlangoni. Dresa alimtazama, akaamua, akatoa. Hakumwandikia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuisoma karatasi hiyo.

Uhuru wa 1961 uliikuta nchi, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, na madaktari Waafrika 12 tu. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mafunzo ya ufamasia yakaanza Muhimbili mwaka 1974. Katika miaka hiyo zahanati za vijiji ziliongezeka upesi kuliko madaktari, nazo zikaendeshwa na waganga wasaidizi waliotibu na kugawa dawa kwa mkono ule ule. Kiserikali jina la mganga halikufa: hata leo mkuu wa tiba wa wilaya huitwa Mganga Mkuu, ingawa mchimba mizizi naye huitwa mganga, akiongezewa tu maneno ya tiba asili. Mfamasia ni jina geni kati yao, na vijijini wengi hawajapata kumwona mwenye jina hilo.

Waliyemwona ni mwuza duka. Duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu. Baridi hapa ni kinyume cha ukali. Lakini mwenye mtoto mgonjwa usiku haulizi ukali wa dawa, huuliza kama ipo, na dawa zilizokatazwa ziliuzwa chini ya meza. Mwaka 2003 Serikali ilijaribu njia nyingine mkoani Ruvuma, nayo baadaye ikaenezwa mikoani: duka la dawa muhimu. Mwuzaji alifundishwa, duka likakaguliwa, na akaruhusiwa kutoa dawa chache zilizotajwa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Sheria haikumwita mwandika dawa. Hata hivyo ilikiri kwamba mtu huyu huamua, na kwamba ni heri aamue akijua.

Gharama ya kutokukiri twaijua. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kila nyumba, ilishindwa na malaria, ikaachwa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Iliyoshika nafasi yake, SP, haikudumu. Mwaka 2006 dawa mseto ya ALu ikaichukua. Sababu za usugu ni nyingi, lakini dawa kutolewa kwa kukisia, nusu kipimo, bila kumpima mgonjwa, ni mojawapo. Kwa antibiotiki hatari ni ile ile, na hakuna ghala la dawa mpya linalotungoja.

Kwa ufupi, wanaotaka mfamasia wa Tanzania apewe kalamu wana hoja, kwa kuwa si jambo la haki kwamba mwenye shahada azuiwe mjini kufanya lile ambalo mwenye mafunzo ya wiki chache hulifanya shambani. Wanaopinga nao wana hoja, maana anayeuza anachoamua hupata faida kwa kila uamuzi, na hofu hiyo ndiyo iliyokuwamo katika amri ya Frederick. Lakini sheria yo yote itakayotungwa kwa kumtazama mfamasia wa Dar es Salaam peke yake itapita Mnyuzi kama gari-moshi lisilosimama. Imtazame kwanza mtoa dawa aliye wa mwisho njiani: afundishwe kupima kabla ya kutoa, aandike katika daftari alichokitoa, na pawe na mkaguzi wa kulisoma daftari hilo. Hapo ndipo kalamu itakapokuwa imefika kweli, na kuandika dawa kutakuwa tena sehemu ya kuganga.